Pikapu ya Dizeli Ikigoma Kuwaka: Pima Solenoidi ya Mafuta Kabla ya Kufungua Pampu

Kabichi, nyanya na ndizi za vilima vya Wundanyi hushuka Mwatate na Voi kwa pikapu, na nyingine huendelea hadi soko la Kongowea, Mombasa. Pikapu ikigoma kuwaka usiku wa manane, mzigo hukosa soko la alfajiri na mkulima hupata hasara siku hiyo hiyo. Fundi akiitwa, anafungua boneti, anapiga stata mara mbili tatu, na mara nyingi neno la kwanza ni kwamba pampu ya dizeli imekufa.

Huenda ni kweli. Lakini kufungua pampu hiyo na kuipima upya ni kazi ya gharama kubwa, na kwenye pampu hiyo hiyo kuna kifaa kidogo, kikubwa kidogo tu kuliko kidole gumba, ambacho kikiharibika huleta dalili zile zile. Kifaa hicho ni solenoidi ya kukata mafuta. Kukipima huchukua dakika chache, na vifaa vinavyohitajika ni spana ndogo, kipande cha waya na taa ya kupimia umeme. Mwenye gari anayeelewa kazi yake hataruhusu pampu ifunguliwe kabla kipimo hicho hakijafanywa.

Kazi ya solenoidi

Injini ya petroli huzimwa kwa kukata umeme wa plagi. Injini ya dizeli haitumii cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo njia ya kawaida ya kuizima ni kuinyima mafuta, na hiyo ndiyo kazi ya solenoidi.

Ndani yake kuna koili ya waya, springi, na kipini cha chuma chenye ncha ya mpira kiitwacho planja. Ufunguo ukiwa umezimwa, springi huisukuma planja ikaziba tundu ambalo dizeli hupitia kuingia sehemu ya pampu yenye shinikizo kubwa. Ufunguo ukiwashwa, umeme wa volti 12 huingia kwenye koili, koili huwa sumaku, planja huvutwa na tundu hufunguka. Umeme huo lazima uendelee kufika muda wote injini inapofanya kazi. Ukikatika hata kwa muda mfupi, tundu hujifunga na injini huzima.

Hapo ndipo ubaya na uzuri wake ulipo. Waya mmoja uliolegea unaweza kusimamisha gari zima lililo salama kabisa kimashine. Na waya huo huo unaweza kukazwa kwa spana bila kununua chochote.

Gari gani linahusika

Maelezo haya ni ya pikapu zenye pampu ya kimashine ya mzunguko, kama Toyota Hilux za injini 2L, 3L na 5L, na Isuzu za injini 4JA1 na 4JB1. Magari ya namna hii bado ni mengi barabarani, hasa vijijini. Pampu yenyewe hutambulika kwa urahisi: mabomba membamba ya chuma hutoka kwenye pampu moja kwa moja hadi kwenye nozeli, bomba moja kwa kila silinda. Solenoidi huwa karibu na mahali mabomba hayo yanapoanzia, imefungwa kwa skuruu kwenye kichwa cha pampu, na ina waya mmoja juu, mara nyingi umefunikwa kwa kofia ya mpira.

Pikapu za kisasa zinazoongozwa na kompyuta ni jambo jingine. Kwenye hizo, pampu husukuma dizeli katika bomba moja nene ambalo hugawa mafuta kwa nozeli zote, na shinikizo humo hupita ba 1,000. Mtu asilegeze nati ya bomba lolote la gari kama hilo, wala asipeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye kifaa chake chochote. Dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo huku ndani likiharibu mkono. Anayepigwa na mafuta hayo apelekwe hospitalini mara moja, hata kama hasikii maumivu makali.

Moshi husema mengi

Kabla ya kushika spana, mtu mmoja apige stata huku mwingine akiangalia ekzosi. Stata ikizunguka kwa nguvu na moshi mweupe au wa kijivu ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda lakini haiwaki. Katika hali hiyo solenoidi haina kosa. Mshukiwa wa kwanza ni plagi za kupasha joto, hasa asubuhi za baridi kule Wundanyi na Werugha, au injini iliyochoka ambayo haibani hewa vizuri.

Stata ikizunguka kwa nguvu na hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Hapo kuna mambo machache tu ya kufikiria: tangi tupu, chujio lililoziba, hewa iliyoingia kwenye mabomba ya kuleta dizeli, solenoidi, au pampu yenyewe. Gari lililozima ghafla, kama lililozimwa kwa ufunguo, huelekeza zaidi kwenye solenoidi na umeme wake. Lililokuwa likikohoa na kupoteza nguvu kwa kilomita kadhaa kabla ya kuzima huelekeza zaidi kwenye chujio au hewa.

Na stata ikizunguka kwa uvivu, shida ya kwanza ni betri. Betri dhaifu hushusha volti wakati wa kupiga stata kiasi kwamba solenoidi nzima kabisa inaweza kushindwa kuivuta planja. Ni bure kupima kitu kingine chochote kabla betri haijachajiwa na ncha zake kusafishwa.

Kupima hatua kwa hatua

Gari lisimame mahali tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe na jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu. Nguo zinazoning'inia na leso za shingoni zikae mbali na feni.

Kipimo cha kwanza ni cha sikio. Mtu mmoja awashe ufunguo bila kupiga stata, na mwingine aweke kidole juu ya solenoidi. Panapaswa kusikika na kuhisiwa mlio mfupi wa “tik”. Kama injini za jirani zinapiga kelele, waya wa solenoidi unaweza kutolewa na kugusishwa tena ufunguo ukiwa umewashwa. Kila unapogusa, solenoidi hulia. Mlio huo unaonyesha kwamba koili inafanya kazi na umeme unafika. Hauthibitishi kwamba planja inafunguka vya kutosha, maana uchafu au mpira uliovimba huweza kuizuia nusu ya njia. Mafundi wengi huishia kwenye mlio na kuisafisha solenoidi lawama mapema mno.

Pasipo mlio, taa ya kupimia iguswe kwenye ncha ya waya uliotolewa, na ncha yake nyingine kwenye chuma safi cha injini. Ufunguo ukiwashwa taa inapaswa kuwaka. Ibaki imeguswa wakati stata inapigwa, kwa sababu hapa ndipo kosa moja hujificha: swichi ya ufunguo iliyochakaa inaweza kutoa umeme ufunguo ukiwa umewashwa, lakini ikaukata pale stata inapopigwa. Dereva wa gari kama hilo husimulia kwamba injini hujaribu kushika pale anapoachilia ufunguo. Kinyume chake pia hutokea: injini inawaka stata ikiwa inapigwa, kisha inazima mara tu ufunguo unaporudi nyuma. Hali zote mbili ni kosa la swichi au waya zake, na hakuna pampu wala solenoidi mpya itakayoziponya.

Taa isipowaka kabisa, kazi ni kufuata umeme ulikopotelea. Fyuzi iangaliwe kwanza. Baada ya fyuzi, kabla ya kuanza kuchana waya za gari, aulizwe mwenye gari kama limewekewa alamu, kifaa cha kufuatilia gari, au swichi ya siri ya kuzuia wizi. Vifaa hivyo kwenye magari ya dizeli mara nyingi huunganishwa kwenye waya huu huu wa solenoidi, kwa kuwa ndio rahisi zaidi kuukata ili gari lisiibwe. Kiungo kilichofungwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe chini ya dashibodi miaka sita iliyopita kinaweza kulegea kwa vumbi na mtikisiko. Kama kifaa cha kufuatilia ni cha mkopeshaji aliyegharamia gari, waliokiweka waitwe wakikague wenyewe. Kukikata kunaweza kuleta mgogoro wa mkataba.

Taa ikiwaka vizuri na solenoidi bado iko kimya, waya mwingine wenye fyuzi ndogo, kama ya ampia 5, upelekwe kutoka upande chanya wa betri moja kwa moja hadi kwenye solenoidi, baada ya waya wake wa kawaida kutolewa. Ikilia na injini ikawaka, kosa lipo kwenye waya za gari: taa ndogo huweza kuwaka kwa umeme hafifu ambao hautoshi kuivuta planja. Ikikaa kimya, koili imekatika. Mwenye mita ya umeme anaweza kuhakikisha kwa kupima ukinzani kati ya ncha ya solenoidi na mwili wake. Solenoidi nyingi za volti 12 husoma karibu omu 10. Mita isiposoma chochote, koili imekatika; ikisoma sifuri au karibu nayo, koili imeungana ndani, na hilo pia hueleza kwa nini fyuzi imekuwa ikiungua kila inapobadilishwa.

Panabaki ile hali ngumu, ya solenoidi inayolia lakini injini haiwaki. Hapa pampu ya mkono iliyo kwenye chujio isukumwe mpaka iwe ngumu, ili kuondoa hewa na kuhakikisha dizeli inafika kwenye pampu kuu. Kisha nati ya bomba moja upande wa nozeli ilegezwe kidogo, ifunikwe kitambaa, mikono na macho yakae mbali, na stata ipigwe. Kwenye pampu ya kimashine dizeli inapaswa kuruka kwa vipindi. Ikiwa dizeli inaingia kwenye pampu lakini haitoki kwenye mabomba, ama planja haifunguki ama pampu ina kasoro. Solenoidi ifunguliwe sasa.

Eneo lote linaloizunguka lisafishwe kwanza kwa dizeli safi na brashi. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye tundu lile huweza kuharibu pampu ambayo hadi wakati huo ilikuwa nzima. Planja na springi ni vidogo na huanguka kwa urahisi, hivyo kitambaa kitandikwe chini. Ikiwa nje, mwili wa solenoidi uguswe kwenye upande hasi wa betri na ncha yake kwenye upande chanya. Planja inapaswa kuingia ndani kwa nguvu, na kurudi umeme unapokatwa. Mpira wa ncha uangaliwe. Ukiwa umepasuka, umevimba au umebanduka, solenoidi hiyo ibadilishwe.

Mpira huharibika kwa umri, lakini mafuta machafu huongeza kasi. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi pampu ipasavyo, na maji ndani ya tangi huleta kutu inayokwamisha planja. Mwaka 2018 Serikali ya Kitaifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchanganyiko huo, ila dizeli ya mitungi inayouzwa kando ya barabara bado haina wa kuidhamini. Kuosha injini kwa maji ya presha nako huchangia: maji huingia chini ya kofia ya mpira na kuozesha ncha ya waya.

Injini isipozima

Kasoro ya pili ya solenoidi huonekana kuwa ndogo, na kwa sababu hiyo hupuuzwa: ufunguo unazimwa na hata kutolewa, lakini injini inaendelea. Waya wa solenoidi utolewe injini ikiwa inanguruma. Ikizima, umeme unaendelea kufika kutoka mahali ambapo haupaswi, kwa kawaida waya ulioungwa vibaya au swichi iliyokwama. Isipozima, planja imekwama wazi, ncha yake imekatika, au haimo kabisa.

Wengine hukimbilia kutoa waya wa betri. Jambo hilo halizimi injini ya dizeli ya aina hii, na linaweza kuunguza alteneta. Gari la gia za mkono huzimwa kwa kukanyaga breki kwa nguvu, kuingiza gia ya juu kabisa na kuachilia klachi taratibu mpaka injini isimame. Pampu nyingi pia zina mkono mdogo wa chuma wa kuzimia pembeni, na fundi anaweza kumwonyesha mwenye gari ulipo siku ya huduma ya kawaida, kabla haujahitajika.

Kuhusu planja kutokuwemo, hili linahitaji kusemwa wazi. Solenoidi ikifa mbali na mji, mafundi hutoa planja na kurudisha mwili wake peke yake. Tundu hubaki wazi na gari huwaka. Kama njia ya kulitoa gari porini hadi nyumbani, ni ujuzi wa kusifiwa. Tatizo ni kwamba gari likishafika, planja husahaulika kwenye kisanduku cha dashibodi na solenoidi mpya hainunuliwi, kwa kuwa “gari linatembea”. Miezi baadaye gari hilo linauzwa, au linapewa dereva mwingine asiyejua lolote. Siku likigonga kitu au bomba la mafuta likipasuka, dereva anazima ufunguo na injini inaendelea kunguruma. Mtoto aliyeachwa ndani akigusa gia, gari huondoka. Kwenye gari la gia za kujiendesha njia hii isitumiwe kabisa, kwa sababu halina klachi ya kuizimia injini. Anayenunua pikapu kuukuu ana haki ya kuwasha na kuzima kwa ufunguo mara kadhaa mbele ya muuzaji, na kuuliza maswali injini ikichelewa kufa.

Likizima kwenye mteremko

Barabara ya kutoka Wundanyi kuteremka Mwatate ina kona kali na mteremko mrefu, na waya wa solenoidi hauchagui mahali pa kulegea. Kwenye pikapu hizi nguvu ya kusaidia breki hutoka kwenye pampu ndogo ya kufyonza hewa inayozungushwa na injini, na usukani laini hutegemea injini vilevile. Dereva wengi injini ikizima hukanyaga klachi au kutoa gia papo hapo ili kupiga stata tena. Wakati gari linateremka, hilo ndilo kosa lenyewe. Gari likiwa kwenye gia, magurudumu huendelea kuizungusha injini hata bila mafuta, na hivyo breki na usukani huendelea kupata msaada, huku injini ikipunguza mwendo. Gia ikitolewa, msaada wa breki uliobaki hutosha kukanyaga mara chache tu.

Kwa hiyo gia iachwe ilipo, breki ikanyagwe mara moja kwa uthabiti bila kupigwapigwa, na gari lielekezwe ukingoni. Ufunguo usirudishwe hadi mahali pa kutolewa, kwa maana usukani utajifunga. Mwendo ukikaribia kwisha ndipo klachi ikanyagwe, na gari likisimama breki ya mkono ivutwe. Kwenye mlima wa kupanda hakuna nafasi ya hayo yote: breki na breki ya mkono kwa pamoja, kisha utingo aweke jiwe. Pembe tatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbele na nyuma, mbali vya kutosha ili dereva anayetoka kwenye kona azione mapema. Na mawe yaondolewe gari linapoondoka. Mwendesha bodaboda anayepita usiku hana njia ya kuyaona.

Kununua nyingine

Solenoidi kuukuu ipelekwe dukani ilinganishwe na mpya kwa skuruu, urefu wa planja na volti. Volti ndiyo inayokosewa zaidi. Malori mengi madogo yenye pampu inayofanana na ya pikapu hutumia volti 24, na solenoidi zake huingia kwenye skuruu ile ile bila shida. Ikifungwa kwenye gari la volti 12, inaweza kulia kidogo na hata kuliwasha gari mchana, kisha ikaligomesha alfajiri betri ikiwa baridi. Namba huchapwa kwenye mwili wa kifaa chenyewe. Pete ya mpira ya kuzuia kuvuja iwe mpya, na solenoidi isikazwe kupita kiasi kwa kuwa skuruu zake ni nyepesi. Kabla ya fundi kulipwa, injini iwashwe na kuzimwa kwa ufunguo mara tatu, na dereva aangalie kama kuna dizeli inayovuja kuzunguka kifaa kipya.